Maziko ya Aliyekwenda Kizimbani

Kheir Usi alikuwa fundi simu wa mtaa wa Mchangani, na laiti angebaki hivyo hivyo, Bwana Mmanga wa Kiponda angekula doriani zake kwa amani na hadithi hii isingekuwapo. Lakini binadamu hatosheki. Alijiunga na mafunzo ya kuandika programu za simu, yale ya mtandaoni ambayo cheti hutoka hata kama nusu ya masomo ulikuwa umelala, na alipomaliza akakitia cheti chake kwenye fremu, akakitundika juu ya droo ya vioo vya simu. Kuanzia siku ile ukimwita fundi haitiki. Ukitaka akubadilishie betri ilikubidi umwite Mhandisi. Watu wa Mji Mkongwe hawana uchoyo wa vyeo. Wakampa, na wengine wakamwongezea na Daktari ili awafanyie haraka.

Aliyekataa ni shangazi yake peke yake. Bi Khamisa, Mtumbatu aliyemlea katika chumba na ukumbi huko Malindi tangu wazee wake walipofariki, alimwita "we Kheir" kama alivyomwita zamani akimfukuza jikoni. Alimpenda kupita kiasi, na ndiyo maana hakumsifu hata siku moja.

Wazo la programu lilimjia Kheir siku aliyokosa maziko ya baba wa rafiki yake. Hapa Unguja mtu atakusamehe ukikosa harusi yake, tena huenda akakuletea sahani ya biriani mpaka nyumbani. Ukikosa maziko ya mzee wake, utatafuta pa kuweka uso mpaka na wewe uzikwe. Kheir alijitetea kwamba hakusikia, na kweli hakusikia. Tangazo la redio lilitoka umeme umekatika. La msikitini lilipita naye yumo ndani ya kelele za Mchangani. Lililobaki lilikuwa la Mbarouk, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

Mbarouk alikuwa mtangazaji wa misiba. Alipita vichochoroni juu ya Vespa iliyofungwa kipaza sauti, na sauti anayo, hilo hakuna anayembishia. Tatizo ni kuta za mawe za mji huu, ambazo hula nusu ya maneno. Ukiwa ndani utasikia "amefariki", utasikia "alasiri", lakini nani huyo aliyefariki hujui mpaka utoke mbio na kanga moja begani uifukuze Vespa. Kheir akaona hiyo ni aibu kwa karne tuliyonayo. Akaapa kwamba kifo cha mtu wa Unguja kitamfikia kila mtu mkononi, kimeandikwa vizuri, pamoja na jina la makaburi.

Akaiita programu yake Tanzia Mkononi. Wafiwa walitakiwa waandike jina la marehemu, nyumbani kwake, msikiti atakaosaliwa, makaburi na saa, kisha wabonyeze, na tangazo liende kwa kila aliyejiunga. Na watu walijiunga! Mtu wa mjini anaweza kukaa mwezi mzima bila ya kujua bei ya mchele, lakini hawezi kukaa mpaka magharibi bila ya kujua nani kafa. Baraza nzima za wazee zilikuja Mchangani kutiliwa Tanzia Mkononi kwenye simu zao, wakamwombea Mhandisi dua, wakarudi kukaa na kusubiri mtu afe.

Watu walikufa, kama ilivyo ada. Ila na programu nayo ilikufa pamoja nao. Kila tangazo likija, skrini hutulia kidogo, ikawa nyeupe, kisha programu ikajifunga yenyewe bila ya kuaga.

Kheir akaikalia kitako kwenye kompyuta kuitafuta kasoro, na kasoro yenyewe ilikuwa ya kitoto. Ndani ya programu kuna visanduku, kila kimoja na kazi yake: hiki cha jina, hiki cha msikiti, hiki cha saa. Mtandao wa kwetu unapojikokota, saa hufika kwanza, msikiti ukafuata, na jina likachelewa njiani. Programu, haina subira, hukifungua kisanduku cha jina na kukuta kwamba hakijawahi kutiwa kitu tangu kilipoumbwa. Hapo huduwaa, haijui iseme nini, ikafa. Maandishi mekundu yalimweleza Kheir jambo hilo kwa ukali ule ule kila mara: kisanduku kimetumiwa kabla ya kupewa thamani ya kuanzia.

Akawauliza wanafunzi wenziwe katika kundi lao la simuni. Jibu likaja haraka, kwa sababu ushauri wa bure hauna foleni. "Kipe cha kuanzia," walimwambia. "Weka chochote. Jina la kweli likija litakaa juu yake."

Chochote ni neno jepesi kwa mtu anayeandika programu ya kuuza viatu. Kheir alikuwa na kisanduku cha jina la maiti. Akaandika jina lake mwenyewe, akajaribu, na simu iliyokuwa juu ya meza ya chakula ikatoa sauti na kutangaza kwa herufi nzito kwamba Kheir Usi amefariki dunia. Bi Khamisa alikuwa akipita na sinia ya mihogo.

"Uchuro huo!" alipiga kelele. "We Kheir, ushakuwa na wazimu? Unajiitia mauti mchana kweupe?"

"Ni jaribio tu, shangazi. Lazima pawe na jina."

"Basi lisiwe lako. Wala langu. Wala la mtu yeyote wa nyumba hii."

Akaingia ndani kutafuta ubani, akaifukiza kompyuta mpaka Kheir akakohoa. Ikambidi ajaribu kuacha pengo tupu. Tangazo la kwanza lililotoka hivyo lilisema kwamba marehemu, kisha nafasi, atazikwa alasiri. Kabla kahawa haijapoa, baraza moja ya Mkunazini ilikuwa imeshawataja wagonjwa wote wa mtaa, kila mtu akimzika asiyempenda. Wawili kati ya hao wagonjwa wakapata habari na wakaja kumtafuta Mhandisi na bakora. Kheir akalifuta pengo.

Sasa tuingie kwenye jambo lililokuwa likimkosesha usingizi, maana programu ilikuwa ikimkosesha chakula tu. Kheir alimpenda Riyama, mwalimu wa hesabu wa skuli ya sekondari na binti wa yule Bwana Mmanga wa Kiponda. Alimjua siku alipoleta simu yake imepasuka kioo. Kazi ya muda mfupi ile, Kheir akaichelewesha makusudi ili mwenyewe aje aulize. Alipokuja kuichukua, Riyama aliitizama simu, akamtizama fundi, akacheka, akasema ahsante, akenda zake. Juu ya kicheko kile Kheir alijenga nyumba, akaipaka rangi, na akaijaza watoto.

Akapeleka posa kwa njia iliyo sawa, kupitia kwa shangazi yake. Bwana Mmanga, mstaafu wa forodha, aliipokea kama alivyokuwa akipokea mizigo bandarini: akaitia pembeni. Alikuwa mtu wa kofia nyeupe iliyokaushwa kwa wanga, mwenye kukaa barazani kwake kama kwamba baraza hiyo ni ya mfalme, na haijapata kutokea akamwanza mtu kwa salamu. Jibu lake lilikuwa neno moja.

"Kasemaje mara hii?" Kheir alimuuliza Bi Khamisa aliporudi kutoka Kiponda kwa mara nyengine tena, viatu mkononi kwa uchovu.

"Kasema tutatizama."

"Wanatizama nini, shangazi? Hata mwezi wa Ramadhani watu huutizama jioni moja tu ikajulikana!"

"Usinikemee mie. Na huyo mtoto mwenyewe, ushamuuliza?"

"Alicheka."

"Alicheka nini?"

"Alicheka tu. Nilipompa simu yake."

Bi Khamisa alimtizama kwa huruma. "Mie hucheka na muuza samaki kila siku," alisema, "na hajanioa."

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mkizi wetu alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akakifungua kile kisanduku kilichokuwa kikidai jina, na akaandika kwa kubonyeza kila herufi kwa nguvu: Bwana Mmanga Abdulwahid. Nyumbani kwake, Kiponda. Akaongeza maziko ni alasiri, ili yasichelewe. Akaona raha ya ajabu, akaisifu nafsi yake, na akajiambia kwamba atalitoa kesho. Kesho wakaja wateja na simu zilizoanguka baharini. Programu ikaacha kufa, majina ya kweli yakawa yanafika kwa wakati, sifa zikamjia kutoka kila upande, na Kheir akasahau kwamba chini ya kila maiti wa Unguja alikuwa amemlaza baba wa Riyama akisubiri zamu yake.

Zamu ikafika Jumatano moja, mtandao ukiwa kama ulivyo. Kheir alikuwa dukani akibandua kioo wakati simu yake ilipolia. Zikalia na za wateja wawili waliokuwa wakingoja. Zikatetemeka na zile zilizolazwa kwenye droo kwa matengenezo, moja baada ya moja, hata moja isiyokuwa na kifuniko cha nyuma. Kheir akatabasamu kwanza. Mtandao ulikuwa mbovu na programu haikufa. Uhandisi ni huo! Kisha akasoma, na tabasamu likamkaukia mdomoni. Bwana Mmanga Abdulwahid amefariki dunia. Maziko ni leo alasiri.

Akabonyeza huku na huku atafute pa kulirudisha tangazo. Hapakuwapo. Hakuwahi kuiandika sehemu hiyo, kwa sababu maiti, kwa alivyojua yeye, habadilishi nia. Akatoka mbio, duka wazi, bisibisi mkononi.

Kwenye kona ya Kiponda akakutana na Vespa. Mbarouk alikuwa ameshalisoma tangazo, kwani na yeye alijiunga na Tanzia Mkononi siku ya mwanzo kabisa ili asipitwe na kazi, na sasa alikuwa akilitoa kwa kipaza kwa sauti yake ya kuliza mawe.

"Mbarouk, simama! Si kweli!"

Mbarouk alizima kipaza, akamshika bega. "Najua, yakhe," alisema kwa upole. "Sote husema si kweli. Subira."

Akawasha kipaza, akaendelea. Na baada ya hapo nani tena wa kukibisha kifo kilichotangazwa na simu kikathibitishwa na Vespa?

Mbele ya nyumba ya Bwana Mmanga watu walikuwa wamejaa mpaka hapana pa kutia mguu. Mikeka imetandikwa, jeneza limeshaletwa kutoka msikitini na kuwekwa kando ya ukuta, vijana wamepelekwa Mwanakwerekwe kuchimba, na uani masufuria ya pilau yamebandikwa. Kitu kimoja tu hakikuwapo, nacho ni maiti. Jambo hilo halikumshughulisha mtu. Mmoja alisema mwili uko njiani unatoka Kizimbani, kwa sababu asubuhi Bwana Mmanga alikwenda huko shambani kwa rafiki yake. Wa pili akasema alianguka mkarafuuni. Wa tatu, ambaye alikuwa amefika sasa hivi na hata jina la marehemu alilisikia mlangoni, akautaja na mti wenyewe ulivyokuwa mrefu. Simu ya Bwana Mmanga ilipigwa, haikupatikana. Ilikuwa kiswaswadu cha vibonyezo ambacho mwenyewe hukizima kila anaposafiri ili kutunza chaji, na mke wake alilijua hilo, lakini nani aliyemsikiliza?

Bi Nassra, mke wa Bwana Mmanga, alikuwa ameshakalishwa pembeni ya ukumbi. Wanawake walikuwa wanamvua bangili.

"Lakini asubuhi kaondoka mzima," alikuwa akisema. "Kanywa chai, kala mkate mzima wa boflo."

"Ndiyo mauti hayo, Bi Nassra," walimjibu. "Hayapigi hodi."

"Kanambia ataniletea doriani."

"Masikini! Alikuwa akikuaga."

Bi Nassra akafikiri juu ya doriani hizo, akaona kweli huenda ilikuwa ni kuaga, akaanza kulia.

Aliyekuwa halii ni Riyama. Alitoka skuli akiwa bado na vumbi la chaki mkononi, akasimama kwenye ngazi ya mlangoni na kuuliza kila anayepita, "Nani kamuona baba? Wewe umemuona? Nani kamuona?" Watu waliinamisha vichwa, wakanong'onezana kwamba uchungu umempanda mtoto wa watu.

Kheir alimuona, na moyo wake ukamuuma kikweli. Akajipenyeza mpaka kwa wanaume waliokaa mbele. "Mabwana, naomba mnisikilize. Bwana Mmanga hajafa. Ni kosa la—"

"Mpeni kiti," alisema mzee mmoja. "Mpeni na maji. Huyu ndiye yule kijana wa posa."

Wakampa kiti. Wakampa maji. Akasimama tena aseme, wakamkalisha tena, na mmoja akamshika kichwa na kumsomea. Hajapata kutendewa wema namna ile Kiponda, na kadiri alivyopiga kelele kwamba mzee yu hai, ndivyo walivyozidi kumwonea imani.

Hapo akasimama Duni, mdogo wake Bwana Mmanga, mtu wa Bububu, na kwa kawaida ndugu hao wawili hawakuwa wakizungumza. Msiba Duni huupenda kwa sababu hapo mtu hakatizwi maneno.

"Ndugu zangu," alianza, "tumempoteza mtu. Marehemu kaka yangu alikuwa mpole. Alikuwa mkarimu. Alikuwa mwepesi wa salamu, hakumpita mtu ila alimwanza yeye."

Watu waliitikia kwamba naam, ni kweli, na miongoni mwao walikuwamo wengi ambao hawajapata kusalimiwa na Bwana Mmanga tangu wazaliwe.

"Alikuwa msamehevu. Ukimkosea asubuhi, adhuhuri keshasahau."

"Naam! Naam!"

Harufu kali ya doriani ilikuwa imeshaingia kichochoroni wakati huo. Kila mtu aliisikia, na kila mtu akamtizama jirani yake kwa jicho la pembeni, akanyamaza kwa heshima ya msiba.

"Na jambo la mwisho," alisema Duni, sauti ikimtetemeka kwa utamu. "Juzi aliniita, tukakaa mimi na yeye peke yetu. Akanambia: Duni ndugu yangu, mimi sina umri tena. Mwanangu Riyama nimeshamkubalia yule kijana wa Mchangani. Nikiondoka, huo ndio wasia wangu."

Macho yote yakamgeukia Kheir. Mzee aliyempa maji akamkumbatia. Na hapo Kheir Usi, aliyekuja mbio na bisibisi mkononi kusema kweli, akafunga mdomo. Wasia wa marehemu hauvunjwi. Ilimbidi anyamaze tu, kidogo tu, mpaka mashahidi wawe wengi. Akaziona siku zake zote mbele yake, na Riyama yumo ndani ya kila moja. Kisha akanyanyua macho, akamuona Riyama mwenyewe pale kwenye ngazi akimtizama yeye, na jicho lile halikuwa la mtu anayecheka.

"Hayo mengine sawa," ilisema sauti kutoka nyuma ya watu. "Hilo la mwisho sikulisema."

Bwana Mmanga alikuwa amesimama kichochoroni na kikapu cha doriani begani, kofia imepinda, na ilionekana kwamba alikuwa pale tangu Duni alipoutaja upole wake. Alikuwa amesikiliza sifa zake kwa raha, bila ya kumkatiza mtu. Watu walipogeuka, aliyekuwa karibu naye aliruka juu ya mkeka wa wengine. Mtu akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa kelele. Mbarouk, aliyekuwa ameshafika na Vespa yake, kipaza bado kiwazi, alitamka shahada mpaka ikasikika Darajani. Waliokuwa wamekaa juu ya jeneza kwa kukosa nafasi waliinuka kwa pamoja.

"Assalamu alaykum," alisema Bwana Mmanga, akiwaanza yeye, labda kwa mara ya kwanza. "Nani kafa hapa?"

Mwishowe Duni akasema kwa sauti ndogo, "Wewe, kaka."

"Nani kasema?"

"Simu."

Kheir akasimama. Angeweza kukimbia; kichochoro cha nyuma alikuwa anakijua. Miguu ilikataa, na huenda ndiyo heshima pekee aliyobaki nayo siku ile. "Ni mimi, Bwana Mmanga," alisema. "Programu ni yangu. Palitakiwa jina la kuanzia, jina la kweli lisipofika. Nikatia lako."

"Kwa nini langu?"

"Kwa hasira. Kwa ile tutatizama yako."

Kabla baba yake hajasema kitu, Riyama akateremka ngazi moja.

"Na aliyekufa ni nani?" aliuliza.

Hapana aliyemfahamu.

"Tangazo lililetwa na watu. Jina halikufika. Basi kuna mtu kafa kweli leo. Nani?"

Kheir akaitoa simu mfukoni. Jina lilikuwa limefika zamani, likakaa juu ya lile la uongo, ila hapana aliyerudi kuangalia: Bi Mashavu Makame wa Kizimkazi. Akalisoma kwa sauti. Watu wakasema inna lillahi, kwa adabu, wakayatizama masufuria. Kizimkazi ilikuwa mbali, na pilau inakaribia kuiva.

"Kwa nini hukuiacha ingoje?" Riyama alimuuliza Kheir. "Jina halijaja, si ingengoja tu mpaka lije?"

"Nilikuwa sitaki ife," alisema Kheir, na akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

Bwana Mmanga alikuwa ameshakitua kikapu. Alimwelekea Kheir na mkono umenyanyuka, na mkono ule ulikuwa haukuja kwa salamu, lakini kutoka dirishani Bi Nassra akamwita huku akizirudisha bangili zake.

"Mume wangu, usifanye hivyo! Ushasemwa msamehevu mbele ya mtaa mzima, na mwenyewe umesema sawa."

Mkono ukabaki juu. Bwana Mmanga aliwatizama watu, na watu walikuwa wakimtizama, wote wakingoja waone kama waliyoyasema ni kweli. Alikuwa amepata sifa kwa bei ndogo kuliko kawaida, na sasa akagundua kwamba lazima azivae. Mkono ukashuka, ukajikuna kidevuni.

"Haya," alisema hatimaye, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. "Nimesamehe. Na hilo la Duni, basi na hilo pia. Mtoto nampa."

Kiponda ililipuka. Walikuja kuzika, sasa wanaondoka na posa, nani hapendi? Mzee mmoja akanyanyua mikono kwa ajili ya fatiha, kisha akakumbuka utaratibu, akamgeukia Riyama. "Mwanangu, umesikia. Unasemaje?"

Riyama akanyamaza.

"Kimya cha mwali ni ridhaa!" alipaza Duni, na wanawake dirishani wakavuta pumzi kwa ajili ya vigelegele.

"Kimya changu hakina kitu ndani, ami," alisema Riyama. "Msikijaze." Aliongea polepole, kama anayemwelekeza mwanafunzi mzito. "Baba anatizama tangu mwaka jana, na hajaniuliza natizama nini. Ami Duni kaniozesha kwa maneno ya maiti ambaye hakufa. Na wewe, Kheir, umempeleka shangazi yako hapa mpaka miguu imevimba. Mimi umeniuliza lini?"

Kheir alitafuta, akatafuta tena. "Ulicheka," alisema.

"Nilicheka kwa sababu simu ulinirudishia na kifuniko cha mtu mwengine."

Hata Bwana Mmanga aligeuza uso ili asionekane anacheka. Kheir akasimama pale na bisibisi yake, hana cheo, hana Mhandisi wala Daktari, na akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya kabla ya yote. "Riyama," alisema. "Nakuuliza sasa. Utanikubali?"

Riyama akamtizama kwa muda, akautizama umati, akamtizama baba yake na doriani zake.

"Tutatizama," alisema, akaingia ndani kupakua pilau. Sinia ya kwanza akampelekea baba yake. Nyengine mbili akazifunga, akampa Mbarouk azipeleke Kizimkazi na Vespa yake, akamtaka njiani atangaze jina la Bi Mashavu, taratibu, mpaka lisikike lote.

Programu sasa imetengenezwa. Jina likichelewa, haifi tena wala haitangazi maiti wa kubuni. Huandika tu kwamba jina halijafika, tafadhali subiri. Watu wanalalamika kwamba siku hizi imekuwa nzito. Bwana Mmanga husalimia watu kwanza, kwa shida, na wapo ambao mpaka leo wakimtaja huanza na marehemu, kwa sababu walisoma wenyewe kwenye simu. Kheir hupita Kiponda kila alasiri akifunga duka, hutoa shikamoo yake, hupokea marahaba yake, akatupa jicho dirishani. Akifika Malindi, Bi Khamisa humuuliza kama jibu limekuja. Humwambia bado, na hatii neno jengine.